PTSD Coach: programu ya bure ya simu kwa wanaoishi na kiwewe

Kazi yangu ya ushauri nasaha hunikutanisha kila mara na watu ambao ajali, ujambazi au kipigo cha nyumbani kilikwisha zamani lakini miili yao bado haijapata habari hiyo. Usiku hawalali, mchana wanashtuka kwa mlio mdogo, na wengi wao wamekwisha kuambiwa kwamba wamerogwa, wana imani haba au ni wadhaifu tu. Mwanasaikolojia wa kliniki ni adimu nje ya miji mikubwa, na ada ya binafsi humshinda mwananchi wa kawaida, kwa hiyo nimekuwa nikitafuta kitu cha kuaminika ambacho mtu anaweza kukitumia katikati ya kikao kimoja na kingine. PTSD Coach ndiyo programu ninayoipendekeza zaidi (PTSD ni kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe), ingawa nina masharti ambayo nitayaeleza.

Ilitolewa mwaka 2011 na Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, kupitia Kituo chake cha Taifa cha PTSD, kwa kushirikiana na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Wakati huo maelfu ya askari walikuwa wakirejea kutoka Iraq na Afghanistan wakiwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, na si wote waliokuwa tayari kuonekana wakiingia kliniki ya afya ya akili. Hata hivyo yeyote anaweza kuipakua, iwe kwa iPhone au kwa Android, bila malipo, bila matangazo na bila kufungua akaunti. Kwa mwanamke anayeishi nyumba moja na mtu aliyemdhuru, jambo la kutoandikisha jina ni la msingi, na kwa sababu hiyohiyo ninamshauri aifunge simu yake kwa namba ya siri, kwa kuwa majibu anayoyajaza hubaki ndani ya simu yenyewe.

Sehemu ya maelezo imeandikwa kwa lugha nyepesi, na inaeleza jambo ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote: kwamba dalili zao zinajulikana na zina mpangilio. Tukio humrudia mtu kwa ndoto mbaya au kwa picha zinazomvamia akiwa macho. Hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Mawazo na hisia zake hubadilika, akajilaumu, akapoteza hamu au akajitenga na wenzake. Na mwili hukaa chonjo muda wote, kwa hasira za ghafla, kukosa usingizi na kushtuka ovyo. Ni kawaida kabisa kuwa na hali hizi siku za mwanzo baada ya janga, na watu wengi hupona wenyewe. Zinapoendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi, ndoa au masomo, hapo ndipo uchunguzi unahitajika.

Kinachoipa programu hii uzito ni kipimo chake. Ndani yake mna dodoso la maswali 20 linalotumiwa na wataalamu wenyewe, linalouliza umesumbuliwa kwa kiasi gani katika mwezi uliopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu ni 80. Anayefikisha alama za 31 hadi 33 au zaidi ana dalili za kutosha kumfanya aonane na mtaalamu, ingawa namba hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Unaweza kurudia dodoso baada ya muda, na programu hukuchorea mstari unaoonyesha unakoelekea. Nimeona faida ya mstari huo kwenye foleni ya hospitali, pale daktari mwenye dakika chache alipoonyeshwa simu na kuelewa mara moja kwamba mtu aliye mbele yake hakuja kwa sababu ya “mawazo mengi” tu. Mgonjwa anayeshindwa kulisimulia tukio lenyewe kwa mdomo anaweza angalau kuonyesha jinsi lilivyomwathiri.

Sehemu ya kukabiliana na dalili ndiyo inayotumika kila siku. Unachagua kinachokusumbua wakati huo, kama vile hasira, wasiwasi, kukosa usingizi au kukumbushwa tukio, kisha unapima dhiki yako kwa kipimo cha 0 hadi 10, ndipo programu inapokupa zoezi na baadaye kukutaka upime tena. Mama mmoja aliyenusurika ajali ya basi alikuwa hawezi kusimama kituoni, kwa sababu kila lori lilipopiga honi alihisi yuko tena ndani ya basi lile. Tulijaribu pamoja zoezi la kujirudisha kwenye wakati uliopo: kugusa chuma baridi cha benchi, kutaja kimoyomoyo vitu anavyoviona, kusikiliza sauti za wauza maji, kuhisi nyayo zake zikikanyaga ardhi. Alianza kwenye 8 akafika 5. Kushuka huko hakukumponya, lakini kulimwezesha kupanda gari siku hiyo, na mtu aliyekaa miezi akitembea kwa miguu kuepuka magari atafahamu thamani yake. Mazoezi ya kupumua na ya kukaza na kulegeza misuli yanaongozwa kwa sauti, na unaweza kuweka picha na nyimbo zako mwenyewe, jambo ninalolisisitiza sana, maana kaswida au wimbo wa kwaya ambao mtu amekua nao humtuliza kuliko sauti yoyote iliyorekodiwa ughaibuni.

Sasa nije kwenye masharti. Programu haina Kiswahili, na Kiingereza chake, ingawa si kigumu, kinawaacha nje wengi wanaoihitaji. Nalazimika kukaa na mtu na kumtafsiria hatua kwa hatua. Sehemu ya msaada imejengwa juu ya namba za dharura za Marekani, ambazo kwa aliyeko Mwanza au Kakamega hazina kazi. Programu inaruhusu kuongeza watu wako kutoka kwenye orodha ya simu, basi fanya hivyo siku ileile unapoipakua, ukiwa umetulia. Aliyeko Kenya aweke pia namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Sharti kubwa zaidi ni kwamba programu hutuliza dalili na haichukui nafasi ya tiba. Tiba zenye ushahidi mzito ni za mazungumzo zinazolikabili tukio lenyewe: kulisimulia na kuyarudia taratibu yale uliyokuwa ukiyakwepa, au kuchunguza fikra kama “ni kosa langu” na kuzipima upya. Kwa kawaida huchukua vikao vya miezi michache. Dawa kama sertralini na paroksetini husaidia baadhi ya watu zinapoandikwa na daktari, lakini diazepamu, ambayo wengi hujinunulia dukani ili walale, haipendekezwi kwa ugonjwa huu hata na miongozo ya idara hiyohiyo ya Marekani, kwa kuwa huleta utegemezi bila kutibu kiwewe.

Wala tusidhani kwamba tiba hizo ni za Wazungu wenye pesa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifanyika mashariki mwa Kongo, katika vijiji vilivyokumbwa na vita, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliopata tiba ya kuchunguza fikra katika vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa jamii wa hapohapo ambao hawakuwa wanasaikolojia, walipata nafuu kubwa zaidi ya waliopewa ushauri wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Moshi na Bungoma nako, washauri wasio wataalamu walifunzwa tiba ya kiwewe kwa watoto waliofiwa na wazazi. Utaalamu wa kuyaeleza haya kwa lugha zetu umekwisha kuwepo, na ndiyo maana inaniuma kuona programu nzuri kiasi hiki, iliyokwisha kuandaliwa upya kwa ajili ya Kanada, Australia na Sweden, bado haijaletwa kwa Kiswahili na chuo kikuu au wizara yoyote ya kwetu.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa mtu mzima anayesoma Kiingereza, ambaye dalili zake zinamsumbua lakini bado anayamudu maisha, na kwa anayesubiri zamu yake kliniki. Anayefikiria kujiua, anayelewa kila siku ili asahau au ambaye bado yuko mikononi mwa anayemtesa, asianzie kwenye simu: aende hospitali ya wilaya au ya rufaa iliyo karibu, na asindikizwe na mtu anayemwamini.