Bandcamp kwa sisi wenye wasikilizaji wachache

Natengeneza muziki wa sauti ndefu zinazosogea polepole, bila ngoma wala mwimbaji. Wanaoupenda ni wachache, na wengi wao husikiliza na kupita kimya. Kimya hicho kinauma kuliko matusi. Anayekutukana angalau kakusikiliza.

Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huwauzia wasikilizaji muziki wao moja kwa moja, iliyoanza 2008, haijanipa umaarufu. Inachonipa ni watu. Albamu ikinunuliwa napata barua pepe, na mnunuzi anaweza kulipa zaidi ya bei niliyoweka. Anaweza pia kuandika maneno machache chini ya albamu na kutaja wimbo alioupenda. Kuna aliyeutaja ule wa mwisho, mrefu kupita kiasi, ambao sikudhani kuna mtu angeufikia. Maneno yake yalinirudisha kwenye kinanda kuliko takwimu zozote.

Makato ni asilimia 15 kwa mauzo ya kidijitali, yakishuka hadi 10 ukifikisha dola 5,000 (mimi sijipi presha). Linganisha na Spotify: tangu 2024, wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha.

Ukurasa wa takwimu sikushauri uufungue usiku. Unaonyesha hadi waliouacha wimbo njiani, na moyo uliochoka hausomi kingine.

Kampuni yenyewe imebadili wamiliki: Epic Games 2022, kisha Songtradr 2023. Kwa hiyo pakua orodha ya barua pepe za wanunuzi wako, uitunze mwenyewe.