Jiko la mkaa: kabla ya kulipa, funga mlango wa hewa

Mwezi uliopita nilinunua jiko hapa Mtwara mjini, la bati lenye bakuli la udongo, limepakwa rangi ya fedha linameremeta. Siku ya tatu nikabandika pweza. Pweza anataka moto wa taratibu, nikafunga mlango wa chini. Moto haukupungua hata kidogo, na mkaa wa mchana na jioni ukaisha pweza bado mgumu. Nilipoinama nikaona mlango umepinda, pembeni kuna mwanya wa kupita kidole.

Dada zangu, tunapima uzito, tunatikisa mikono ya jiko, mlango hatuugusi. Hewa inaingia pale, inapanda kwenye matundu hadi kwenye makaa. Usipoweza kuibana, jiko linakula mkaa litakavyo. Dukani mulika tochi ya simu kutoka juu, upitishe mwanga kwenye matundu, funga mlango, kisha tazama chini. Mwanga ukivuja, hewa itapita. Na mlango ukifungwa vizuri moto haujazimika: usilale na jiko ndani, kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

Namba moja kwangu ni Jikokoa, sifichi. Linatengenezwa Kenya na kampuni ya BURN, na chumba chake cha moto ni cha chuma, hakuna udongo wa kupasuka. Nililomnunulia mama kule Mikindani limepita masika mawili, mlango unafunga kama siku ya kwanza. Bei yake inauma, lakini ningelinunua tena leo.

La pili ni la fundi bati, ila uagize mwenyewe. Mwambie mlango uwe mpana kuliko tundu lake, bawaba ziwe nene. Upepo wetu wa chumvi huanza kula bawaba.

La bati tupu linamwaga joto pembeni. Chukua ukikosa yote.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiwasha tochi wanakunja uso, "Mama, majiko yote sawa." Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa mkoani Mtwara, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015, sisi wengi bado tuko kwenye mkaa, na hilo jiko lenyewe tunauziwa bovu. Nilipolirudisha langu niliambiwa likishaingia moto halirudi. Sasa bila ujanja wa tochi ningejuaje mlango haubani kabla sijaliwasha? Fundi mwingine amenikatia mlango mpya, nimelipa mara ya pili.