Nimetoa fyuzi na rilei kwenye pikipiki, nikaweka kisanduku kimoja. Je, kinafaa?

Haya wakuu, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, mikono inaniwasha. Hiki mnachokiona hapa, kinaenea kwenye kiganja, ndicho kisanduku cha kudhibiti umeme wa pikipiki. Ukikifunga, unatoa fyuzi, unatoa rilei (zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme), unatoa na ile flasha ya indiketa inayolia tik tik. Waya mmoja mnene unatoka betri hadi hapa, halafu chenyewe ndicho kinachogawa: taa kubwa, breki, honi, indiketa, stata. Stata kinaipa amri tu, rilei yake na nyaya zake nene zinabaki kama zilivyo. Uzito, rangi, vipimo, hayo yameandikwa kwenye boksi.

Na kabla hamjanishukia kwenye maoni: hii siyo CDI. CDI kazi yake ni cheche ya plagi. Hiki ni cha umeme wa pikipiki nzima. Muuzaji akikuchanganyia hivyo viwili, mwache na mzigo wake.

Sasa kitu kilichonifanya niwashe kamera. Sogeeni. Taa kubwa inawaka, indiketa ya kushoto inapepesa. Huu waya ni wa honi, nimeumenya ncha. Kwenye wayaringi ya kawaida nikiugusisha kwenye fremu huku nabonyeza honi, fyuzi imekwenda. Na kwa kuwa pikipiki nyingi ndogo zina fyuzi moja kuu tu, honi, indiketa, taa ya breki, vyote vinavyotumia betri vinakufa pamoja. Kama kuna fundi aliyefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, hapo unaanza kunusa moshi chini ya siti.

Tazameni sasa. Nabonyeza honi... nagusisha. Mmeona? Taa inawaka. Indiketa inaendelea. Honi peke yake ndiyo imekatwa, na hapa kwenye kisanduku kitaa cha njia ya honi kinamweka. Narudia, maana kuna watakaosema nimekata video. Nagusisha... imekata. Nauondoa waya, nazima swichi, nawasha, nabonyeza... piiii! Imerudi. Hakuna fyuzi ya kwenda kununua.

Siri yake ni kwamba kila njia ya kutoa umeme ina transista inayopima mkondo. Mkondo ukizidi kiwango, inajifunga kabla waya haujapata joto. Kwenye hiki kila njia inabeba hadi ampia 10. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 inakula ampia 5, kwa hiyo taa kubwa haipumui kwa shida.

Lakini raha yenyewe siyo kukata. Raha ni kutajiwa! Fikirini waya uliosagika pale shingoni mwa usukani, ile shoti inayotokea ukikata kona ya kushoto tu, ukinyoosha inapotea. Shoti ya namna hiyo inaweza kukumalizia boksi zima la fyuzi na usijue inatoka wapi. Hapa ngoja niigize: waya wa indiketa ya mbele nauweka ubanwe na fremu nikigeuza usukani. Nageuza... kitaa cha indiketa ya kushoto hicho! Huna haja ya kufungua tangi, huna haja ya kuchana tepu zote. Unafuata waya mmoja. Mimi kwa hili peke yake nilikuwa tayari kusema nunueni, tuzime kamera.

Ila hizi skrubu. Jamani, hizi skrubu! Angalieni bisibisi niliyotumia, ni ya kutengenezea saa. Chombo kinachokaa juu ya injini inayotetemeka kutwa, unakifungia nyaya kwa skrubu ukubwa wa punje ya mtama? Ukibana kidogo, waya unachomoka. Ukibana sana, nyuzi zinakatika. Dawa niliyoiona ni kuvisha kila ncha kimrija cha bati, ukakiminya kwa koleo lake, ndipo uingize. Na msiniulize kwa nini sikulehemu. Risasi ya kulehemu inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama kijiti, na mtetemo unaukata pale ugumu unapoishia. Minyeni, visheni mpira unaosinyaa kwa joto, basi.

Swichi za mkononi zinanufaika pia. Hapa zinagusa athi, yaani upande wa hasi, kutoa ishara tu, mkondo wa taa haupiti humo, hivyo vibati vyake vya kugusana haviungui.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, wenye pikipiki ndogo. Nyingi zinawasha taa kubwa kwa umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini. AC ni umeme unaogeuka-geuka mwelekeo; wa betri, DC, unakwenda upande mmoja. Ndiyo maana mwanga unapanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta. Kisanduku hiki kinataka DC, tena safi. Lazima utenganishe athi ya koili na bodi, ufunge rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) inayotumia wimbi zima, na betri iwe nzima. Pima kwa multimita: injini ikizunguka kasi, betrini isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, usiunganishe chochote, tafuta regyuleta nyingine kwanza, yaani kile kidhibiti volti ya kuchaji.

Na kama CDI yako ni ya AC, waya wake wa kuzimia injini unazima kwa kugusa athi. Usiupe umeme wa kisanduku, utaiua CDI. Uache kwenye swichi ya ufunguo ulipokuwa. Plagi nayo iwe ya rezista, yenye kikinza umeme ndani. Kwa NGK tafuta herufi R kwenye namba, kama BPR6ES, maana kelele za umeme wa cheche zinavuruga vyombo hivi.

Kuna mwenzake wa bei rahisi, umbo lilelile. Nimekifungua hicho: ndani ni fyuzi za kujirudisha, zinazosubiri zipate joto ndipo zikate. Kwa shoti ya kuja na kuondoka, hazikuambii kitu.

Na bei? Hapo ndipo nilipopoa. Kwa pesa ya hiki unapata wayaringi mpya kamili ya modeli yako, chenji inabaki. Kama pikipiki yako haijachezewa, nunua hiyo, soketi zake zinaingiana zenyewe. Hiki nakiona ni cha mtu anayejenga pikipiki upya, au ambaye nyaya zake zimekatwakatwa na mafundi mpaka rangi hazina maana tena. Mimi ni wa kundi hilo la pili, kwa hiyo hakitoki.

Sauti leo ni maikrofoni mpya, niambieni kama upepo unaingia. Video ijayo ni ya kutenganisha athi ya magneto hatua kwa hatua, mmeniomba sana, jisajilini isiwapite. Ukianza kazi leo, chomoa hasi ya betri kwanza, na iwe ya mwisho kurudi. Mimi naenda kubana hizi skrubu tena.