Domeini moja, seva tofauti tofauti: uzoefu wangu baada ya kuitoa DNS kwa kampuni ya hosti

Wadau, jibu fupi kwa wanaouliza kama saiti kuu inaweza kukaa seva moja na sabdomeini (majina yenye neno mbele ya jina kuu, kama app au docs) zikakaa seva nyingine ni ndiyo, inawezekana, ni kitu cha kawaida kabisa, na mimi ndo ninavyotumia mpaka sasa na sina mpango wa kurudi nilikotoka. Saiti kuu iko kwenye hosti ya kushea (seva moja wateja wengi) na WordPress yake, app iko VPS (seva pepe niliyokodi peke yangu), maelekezo ya watumiaji yako GitHub Pages (huduma ya GitHub ya kuweka kurasa), barua pepe ziko kwa kampuni nyingine isiyohusika na saiti hata kidogo, na zote zinabeba jina lile lile. Mtu akibonyeza kutoka example.com kwenda app.example.com (natumia example.com kama mfano tu) ameshahama seva na hata hajui, wala haimhusu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kampuni za hosti zinauza vitu vitatu kwa pamoja, yani jina lenyewe, DNS (daftari linalosema kila jina liko kwenye seva ipi), na nafasi ya kuweka mafaili. Unasajili jina, unapewa neimseva zao (seva zinazojibu maswali ya DNS ya jina lako), unapewa paneli, basi unaona kama ni kitu kimoja kisichotengana. Vyote vinatengana. Tangu Paul Mockapetris alipoibuni DNS mwaka 1983 mambo yako hivyo, kila jina lina rekodi zake na linaweza kuelekezwa kokote, hakuna sheria inayosema app.example.com lazima iishi ilipo example.com.

Mimi nilihama kwa sababu moja. Kampuni niliyokuwa nayo, sitaitaja, seva yake ilidondoka siku ya kazi na neimseva zao nazo zilikuwa kwenye mashine zile zile. Saiti kuzima ningevumilia, lakini na barua pepe nazo zikaacha kuingia japo hazikuwa kwao kabisa, maana aliyetakiwa kusema MX (rekodi inayoonyesha seva ya barua pepe) ya domeini yangu iko wapi alikuwa amelala na wengine wote. App nayo ilikuwa mzima kwenye VPS yake, inafanya kazi vizuri tu, ila hakuna aliyeweza kuifikia kwa jina. Ukiwauliza, wanakwambia mafundi wanashughulikia, subiri. Bahati nzuri seva za barua pepe zinajaribu kutuma tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo barua hazikupotea, zilichelewa.

Baada ya hapo nikahamishia DNS peke yake Cloudflare, ile huduma yao ya bure, jina nikaliacha kwa msajili wake na saiti nikaiacha ilipo. Sehemu ya kuwa makini ni hapa, maana ukibadilisha neimseva unahama na kila kitu, siyo rekodi moja. Ukiongeza domeini wanajaribu kuzivuta rekodi zako za zamani wenyewe, lakini usiwaachie kazi yote, kwa kawaida mtu wa nje hawezi kuiambia DNS nipe orodha ya majina yote uliyonayo, inabidi ayabahatishe. Rekodi ya DKIM (ya kuhakiki saini ya barua pepe zako) kwa mfano inakaa kwenye jina linaloishia na _domainkey na mwanzo wake kila kampuni ya barua pepe inajichagulia wenyewe. Fungua paneli ya zamani upande huu, mpya upande ule, linganisha mstari kwa mstari, A (jina kwenda anwani ya IP), CNAME (jina kwenda jina lingine), MX, TXT (maandishi) zote, ndo ubadilishe neimseva.

Ukishafika hapo kugawa seva ni kazi ndogo mno. Domeini kuu ina rekodi ya A yenye anwani ya IP ya hosti ya kushea, app ina A yake yenye IP ya VPS, docs ina CNAME inayoelekea jina la akaunti yangu likifuatiwa na github.io, MX zinaelekea kwa watu wa barua pepe. Basi. CNAME haitaki kukaa na rekodi nyingine kwenye jina moja, ndo maana kwa kawaida haikai kwenye domeini kuu ambayo lazima iwe na SOA na NS zake (rekodi za usimamizi wa domeini na za neimseva zake), ila Cloudflare wana namna ya kuigeuza ikawa anwani ya IP wakati wa kujibu, na hilo nimelipenda sana.

Kuna kitu watu wanakisahau halafu wanailaumu DNS. DNS inamleta mgeni mpaka mlangoni tu, seva yenyewe nayo lazima ijue kwamba inahusika na hilo jina, kwa sababu brauza inapoomba ukurasa inataja jina na seva inatafuta hilo jina kwenye setingi zake. Kwenye Nginx (programu ya seva ya wavuti) ni server_name, kwenye paneli ya hosti unaongeza domeini, GitHub Pages kuna sehemu ya kuandika domeini yako. Usipofanya hivyo unaletewa ukurasa wa mtu mwingine au 404 (ukurasa haupo) wakati rekodi zako ziko sawa kabisa.

Na hii habari ya kusubiri saa 24 mpaka 48 ili mabadiliko ya DNS yasambae inakuzwa. Hakuna kitu kinachosambaa dunia nzima, kuna kashe (majibu yaliyohifadhiwa kwa muda) zinazoisha muda wake. Andika dig app.example.com kwenye terminali uangalie mstari wa jibu, utaona jina, kisha namba, kisha IN A na anwani. Hiyo namba ni sekunde zilizobaki kabla kashe haijauliza upya, ikisema 3600 sasa hivi, rudia baada ya dakika utakuta imeshuka kwenye 3540 hivi. Kwa hiyo ukitaka kuhamisha sabdomeini, ishushe TTL (muda wa kashe kwa sekunde unaouweka kwenye rekodi) mpaka 300 mapema, subiri ile ya zamani iishe, ndo ubadilishe anwani. Nilihamisha app kwenda VPS mpya kwa njia hiyo, seva zote mbili zikiwa hewani huku database ikiwa moja mpaka ya zamani ikaacha kupata wageni kwenye logi, na saiti kuu haikuguswa hata kidogo. Ila usiijaribu sabdomeini kwenye brauza kabla hujaiumba, jibu la NXDOMAIN (jina halipo) nalo linawekwa kashe na muda wake unatoka kwenye SOA, utakaa unahangaika kumbe rekodi iko sawa.

Upande wa vyeti vya SSL (vinavyowezesha HTTPS) kuna kazi kidogo. Natumia Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya bure), cheti cha siku 90, kila seva inajichukulia chake. Njia ya kawaida ya uhakiki inakuja kwenye poti 80 ya seva ambayo jina linaelekea, kwa hiyo seva ya saiti kuu haiwezi kuchukua cheti cha app kwa njia hiyo na mimi naona ni vizuri iwe hivyo. Kuna cheti kimoja cha nyota kinachofunika sabdomeini zote za ngazi moja, kinapatikana kwa uhakiki wa rekodi ya TXT tu, wengi wanakisifia, lakini kukitumia kila mahali maana yake unasambaza ufunguo mmoja wa siri kwenye seva zote. Ikivamiwa moja, zote zimeguswa. Sikitaki kwenye mpangilio kama wangu. Tena ukiwasha proksi ya Cloudflare (wageni wanapita kwao kabla ya kufika kwenye seva yako), ile alama ya wingu la chungwa, hakikisha kila seva ya nyuma ina cheti chake halali, maana setingi ya SSL kwa kawaida inashika domeini nzima, ukichagua ile kali inayotaka cheti halali na seva moja haina, hiyo moja inatoa kosa la 526 wakati zingine zinapeta. SSH (njia ya kuingia kwenye seva na kuiendesha kwa amri) nayo haipiti kwenye hilo wingu, ipe jina lingine lisilo na proksi au tumia IP moja kwa moja.

Kinachonigusa zaidi ni kuki (kidata kidogo brauza inachotunza ili saiti ikutambue), na naona hakisemwi vya kutosha. Ukitaka mtu aliyeingia kwenye saiti kuu awe ameingia na kwenye app, utashawishika kuweka kuki ya domeini nzima. Ikishawekwa hivyo inatumwa kwa kila sabdomeini, pamoja na ile ya WordPress yenye plagini zilizoandikwa na watu usiowajua. Kuki ya app yangu inabaki kwenye app, nimekataa kabisa kuilegeza, watumiaji wanaingia mara ya pili na ni sawa. Halafu fomu iliyo kwenye saiti kuu ikituma data kwa app, brauza inahesabu hizo ni asili mbili tofauti, script yako hairuhusiwi kusoma jibu mpaka app ijibu na kichwa cha Access-Control-Allow-Origin chenye anwani ya saiti kuu. Andika anwani kamili, usiweke nyota (yani saiti yoyote).

Kwa mwenye saiti moja ya kurasa chache na barua pepe zake hapo hapo, simshauri aanze kugawa gawa, ataongeza sehemu za kuangalia bila faida. Ila mwenye app, au mwenye barua pepe anazozitegemea kikazi, aitoe DNS kwa kampuni ya hosti hata kama vingine vyote anaviacha.

Halafu mkiacha huduma fulani, futeni rekodi kwanza ndo mfunge akaunti. CNAME inayoelekea kwenye huduma uliyoiacha, mtu mwingine anaweza kulidai lile jina kule akaweka anachotaka, na kitaonekana chini ya domeini yako, na kufuli la HTTPS juu. Mimi nina faili moja la maandishi, kila sabdomeini na mstari wake, iko seva gani na nani anaihitaji, na nikikuta mstari ambao hakuna anayeuhitaji, rekodi yake naifuta siku hiyo hiyo.