TAHADHARI: "Dawa isiyochagua chuma" inayouzwa Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Mtwara, Mikindani na Lindi, naandika haya ili mwingine asipoteze kifaa chake kama nilivyopoteza changu, na kwa sababu fundi ninayemzungumzia, anayechubua rangi ya vifaa kwa dawa hii, bado anapokea kazi za watu. Jina lake silitaji, hasa kwa kuwa nina shaka kama lile aliloniambia ni lake: nilipomtumia fedha kwa simu, jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mtu mwingine kabisa, naye akanijibu kwamba laini ni ya shemeji yake. Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka. Sikuondoka.

Kifaa chenyewe ni kile cha kuvutia mvuke, ambacho vijana wanakiita vepu, chenye mwili wa bomba la metali na betri ya kutoa na kurudisha (suala la kama mtu avute au asivute tuliwekee siku yake). Rangi nyeusi ya nje ilikuwa imeanza kubanduka kwa jasho la mkono na kwa hii hewa ya chumvi ya pwani yetu, nami nikatamani kuichubua yote, nikiache kifaa kikiwa cheupe na cheng'avu. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja aliyeweka meza si mbali na stendi, akiuza dawa ya kutoa rangi kwenye chupa za maji za nusu lita zilizobanduliwa karatasi zake, na pembeni ameegesha kipande cha bomba kinachong'aa hivi kwamba ungeweza kunyolea ndevu. "Kaka, hii dawa haichagui chuma," aliniambia. Nililipa shilingi 12,000 za kuchubua na kung'arisha, na 8,000 nyingine za chupa moja ya kwenda nayo nyumbani.

Uongo wote umo ndani ya maneno hayo manne, hii dawa haichagui chuma, kwa maana dawa yake inachagua, tena vibaya. Mbele ya macho yangu alimwaga chembechembe nyeupe kutoka kwenye mfuko usio na maandishi ndani ya ndoo yenye maji, na maji yakapata moto yenyewe bila jiko. Alipotumbukiza mwili wa kifaa changu, povu likapanda kwa fujo, likitoa mlio kama wa kitu kinachokaangwa, naye akanionyesha kwa fahari: "Ona, rangi inakimbia." Ni kweli rangi ilitoka, lakini lile povu halikuwa la rangi. Chembechembe zile ni kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, na kifaa changu ni cha alumini. Vikikutana kwenye maji, kostiki huyeyusha kwanza utando mwembamba unaoilinda alumini, kisha huila alumini yenyewe, na mapovu yale ni gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Jamaa alikuwa na sigara mdomoni.

Chuma cha kawaida kingevumilia ndoo ile, na ndiyo maana lile bomba lake la maonyesho linapendeza. Alumini haiwezi, na zinki, ambayo hutumika sana kuundia vifaa vya bei nafuu, nayo huliwa.

Nilirudishiwa kifaa jioni kikiwa na mng'ao wa fedha. Siku ya nne kucha yangu ikakwaruza mng'ao huo ukabanduka kama ganda la yai, na chini yake nikakuta rangi ya kijivu cha majivu yenye vishimo vidogo vidogo, kama chuma kilichoota ndui. Hakukuwa na kazi yoyote ya kung'arisha iliyofanyika. Alikuwa ameufunika uharibifu kwa kupuliza rangi ya fedha ya kopo, ambayo kwenye mdomo wa kuvutia hakuna mtu mwenye akili angeipaka. Meno ya skrubu ya kifuniko cha chini yameliwa hadi kifuniko kinacheza, na kifuniko kinachocheza hukifanya kigusio cha betri kiguse na kuachia, jambo linalozalisha joto mahali ambapo hutaki joto.

Nilimpelekea jirani yangu, mama mtu mzima anayetengeneza sabuni, ile chupa ya nyumbani ili anisaidie kuitambua. Alichovya kijiti, akadondosha matone mawili juu ya kipande cha sufuria chakavu, tukatazama kikichemka. "Mwanangu, kostiki hiyo," akasema. "Sufuria yangu ya kwanza iliishia hivyo hivyo." Nilikuwa naishi ukuta mmoja na mtu anayeyajua haya kuliko fundi, nikaenda kulipa stendi.

Kuna na suala la betri. Aliniomba nimwachie nayo "apime moto," na niliyorudishiwa si yangu: imevikwa plastiki mpya yenye maandishi ya uwezo wa mAh (miliampea-saa) 9,800, wakati betri za umbo hilo, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zikiwa nzuri kabisa huwa na takriban 3,500. Niliipima kwenye mizani ya muuza viungo sokoni ikaleta gramu 31, ilhali betri halisi huwa karibu na 45.

Kwa anayetaka kuchubua kifaa chake, atoe betri na tangi kabla ya jambo lolote, wala asimwachie mtu betri. Kisha ajue chuma chake. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma cha kawaida. Isiponasa, huenda ni alumini, shaba ya manjano, zinki au hata chuma kisichoshika kutu cha aina fulani, na hapo uzito husaidia, kwani alumini ni nyepesi, karibu theluthi moja tu ya uzito wa shaba ya ukubwa uleule. Ajaribu thina kwa kitambaa sehemu iliyofichika. Rangi ikigoma kabisa kwenye alumini, pengine si rangi ya kupaka bali ni utando wa alumini yenyewe uliotiwa rangi kiwandani, na huo huondolewa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400, kisha 800, 1500 na 2000, halafu polishi ya chuma na kitambaa laini. Ni kazi ya mikono ya saa kadhaa, inachosha vidole, na mabaki ya polishi lazima yasafishwe kwenye njia ya hewa kabla ya kuvuta. Anayekuahidi kuimaliza kwa dakika 10 kwenye ndoo anakuuzia ndoo.

Msinunue kimiminika kisicho na lebo, hata kama si cha huyu. Baadhi ya dawa za kutoa rangi zina dikloromethani, ambayo mwilini hugeuka kuwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa nyumbani dawa hizo mwaka 2019. Chupa ya maji isiyo na karatasi haikuambii ndani kuna nini. Hata kostiki peke yake inatosha kukuumiza. Tone moja lilinidondokea kwenye kifundo cha mkono, na aliyewahi kubangua korosho kwa mikono akaungua kwa mafuta ya ganda anajua nilivyojisikia. Likikupata, osha kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu.

Taarifa za kemikali zinazouzwa hivi zinapokelewa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nami nimekwisha kuandika yangu nikiambatanisha picha za kifaa. Nilipomrudia jamaa alidai alumini yangu ilikuwa "feki," akakataa kurudisha fedha wala betri. Juzi meza haikuwepo. Wauza maji wa pale wanasema amesogea Masasi kuwahi msimu wa korosho, kwa hiyo wa huko mkiona chupa za nusu lita zenye vifuniko vya buluu na bomba moja linalong'aa pembeni, ndiye huyo.