Kasri limefufuka, mimi nikaambiwa nisubiri garini

Nilishaandika nyota moja, nikafuta. Nikaandika nne, nikafuta pia. Someni tu, nyota nitazipanga mwishoni nikitulia.

Mwaka jana, miezi ile ya joto lao, nilikwenda kumsalimia dada yangu Lexington, Kentucky. Mji ule una Wakongo wengi, unaingia duka la vyakula unaamkiwa kwa Kiswahili. Mume wake ni mtu wa Bukavu, mlokole, hajawahi kugusa hata bia. Lakini alijua shemeji yake anapenda kionjo, akatulipia sote wawili safari ya gari la watalii linalozungusha watu kwenye viwanda vya wiski. Mimi kituo nilichokitaka ni kimoja tu: Castle & Key, yaani Kasri na Ufunguo, pale Millville, karibu na Frankfort.

Nilikitaka kwa sababu ya lile kasri. Kanali Edmund Haynes Taylor alilijenga 1887 kwa mawe ya chokaa, na minara juu, utadhani anakaa sultani kumbe ni mitambo ya kukenekea bourbon, wiski yao ya mahindi. Kazi ilisimama 1972, likaachwa miti iote inavyotaka. Mwaka 2014 likapata wenye moyo wa kulinunua, na 2018 milango ikafunguliwa kwa wageni. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikipelekwa Tongoni kutazama magofu, na gofu kwangu ni kitu cha kutazamwa basi. Gofu lililorudi kazini sijapata kuliona.

Sasa sikilizeni. Tumeshuka, kijana wa lile gari (si mfanyakazi wa kiwanda, wao sina ugomvi nao) anagawa bangili za karatasi kwa wanaoruhusiwa kuonja. Nikampa pasipoti yangu. Akaifungua, akaipindua, akaikunjua kama anatafuta bei. Kisha akasema hicho si kitambulisho. Nina miaka 56! Nina upara, na ndevu zilizobaki ni nyeupe kama pamba. Nikamwambia pasipoti hiyohiyo imenipitisha uwanja wa ndege wa nchi yake mwenyewe. Akasema utaratibu wa kampuni ni leseni ya udereva ya Marekani. Hakupandisha sauti hata kidogo, alikuwa anatabasamu, na ndicho kilichonimaliza. Mtu akikufokea unajua pa kumshika. Huyu ananiambia kwa upole niende nikasubiri garini, kuna kiyoyozi.

Kiyoyozi!

Na shemeji, asiyekunywa, mwenye leseni, akavishwa bangili. Akanishika mkono: "Shemeki, acha ule mutu."

Garini sikukaa. Nikatembea peke yangu nimefura, kila kitu nakiona kibaya. Bustani nikaona imechongwa mno. Minara nikaona ya kujionyesha. Halafu nikafika kwenye chemchemi. Ni bwawa lililojengewa kwa umbo la tundu la ufunguo, juu limezungukwa na nguzo, na maji yake yanaonyesha chini kabisa. Ndiyo asili ya lile neno «ufunguo» kwenye jina la kiwanda. Nikachuchumaa pale. Upepo ukaleta harufu ya mahindi yanayochachuka, na Mungu wangu, ni harufu ya togwa ya shangazi ikishafika siku ya tatu! Hasira ikapungua. Siyo ikaisha, ikapungua.

Nikiwa pale nikaanza kuwaza lile jambo la jina. Kasri hili zamani ni Old Taylor. Waliolifufua wamepata mawe, chemchemi, maghala, lakini jina la Taylor hawakulipata. Jina lina mwenyewe, kampuni ya Sazerac, na wiski inayolibeba inatoka Buffalo Trace, hapohapo Frankfort. Ili nisimwonee mtu, huyo Kanali na kule pia alikuwa na mkono wake, alikimiliki kile kiwanda kabla hajajenga kasri. Lakini huyu ndiye aliyepigania sheria ya 1897 ya wiski kutiwa chupani chini ya ulinzi wa serikali, kwa kuwa walanguzi walikuwa wanauza spiriti iliyotiwa rangi wakiiita bourbon. Maisha yake yote anataka chupa iseme ukweli imetoka wapi. Leo nyumba yake iko huku, jina lake liko kule. Na mimi jina langu liko kwenye pasipoti, nalo halitoshi.

Lakini nawaheshimu kwa subira. Wiski haiharakishwi, lazima ikae kwenye pipa, kwa hiyo mwanzoni waliuza jini na vodka. Wiski ya shayiri nyeusi, wao huiita rye, ikatoka 2020, bourbon yenyewe 2022. Mfufuaji wa haraka angenunua wiski ya mtu mwingine, akabandika lebo ya babu.

Shemeji akatoka na chupa. Alionjeshwa, akanusa tu, akarudisha glasi. Jioni nikaifungua jikoni kwa dada. Funda la kwanza nilisema chungu, haina lolote, afadhali Konyagi. Dada akasema si wiski, ni wewe, bado una kinyongo. Kesho yake nikajaribu tena: mahindi ya kuchoma, sukari guru, na mwishoni ubao wa pipa lililounguzwa. Ni nzuri. Ni nzuri sana, ingawa kwa bei ile ilipaswa kuwa hivyo.

Haya, kasri nyota nne. Tano, kwa ajili ya ile chemchemi. Gari la watalii sina nyota ya kulipa. Mkienda, mwombeni mwenyeji awapeleke na gari lake.