Nililipwa nisipike saa kumi na moja: mita janja baada ya misimu mitatu ya baridi

Mita janja (smart meter) nilifungiwa Oktoba 2022, hapa Leicester, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, watu watano, bafu moja. Bafu hilo likumbukeni, tutalirudia.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mgao. Kwetu umeme ukizidiwa mtaa mzima unazimwa, unasikia "aaah!" nyumba hadi nyumba, unaingia jikoni kutafuta mshumaa kwa kupapasa. Huku wana mtindo mwingine: siku moja kabla unapata ujumbe kwamba kesho jioni, kwa saa moja, ukiweza punguza matumizi. Ukipunguza, unalipwa. Nilipomweleza mama kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wanakulipa usipike? Mwanangu, soma vizuri hayo maandishi."

Nilisoma. Mpango ulianzishwa na National Grid ESO, waliokuwa wakisimamia gridi ya Uingereza, Novemba 2022, wakati bei ya gesi imepaa kwa ajili ya vita vya Ukraine. Hofu yao ilikuwa jioni za Januari. Saa kumi na moja kiza kimeshaingia, maofisi bado yana watu, na majumbani kila anayefika anawasha jiko. Umeme haukai ndooni kama maji. Unaotumika sasa hivi ndio unaotakiwa kuzalishwa sasa hivi. Ukipelea, masafa ya gridi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, yanashuka chini ya hezi 50, na yakishuka sana mitambo inaanza yenyewe kuwakatia watu umeme ili gridi isianguke yote. Ilitokea 9 Agosti 2019: wateja kama milioni moja walizimikiwa na abiria wakakwama kwenye treni.

Mita ya zamani isingeiweza kazi hii, maana ilijua jumla tu. LUKU yetu, ile mita ya Tanzania ya kulipia kabla, nayo inakuonyesha yuniti zilizobaki, lakini yuniti ya saa nane usiku na ya saa mbili usiku ni bei moja, kwa hiyo hakuna wa kukushawishi upike mapema. Hii janja inaandika matumizi kila nusu saa. Kampuni inatazama saa hiyohiyo kwenye siku za kazi zilizotangulia, inapata kawaida yako, na pungufu ndilo unalolipwa. Msimu ule wa kwanza ESO waliahidi angalau pauni 3 kwa yuniti kwenye vipindi vya majaribio. Kampuni yangu (jina nalihifadhi) ilikata chake, mimi nikawa napata pauni 2. Niwatoe hofu wanaoniuliza kama serikali inakuzimia friji: hakuna anayekuzimia kitu, unazima mwenyewe kwa mkono wako.

Sasa njooni Jumatatu ya 23 Januari 2023. Huko nyuma vilikuwa vya majaribio. Hiki ndicho kipindi cha kwanza walichokihitaji kwelikweli. Ukungu wa barafu, upepo wa kuzungusha mitambo ya umeme hakuna, na majenereta matatu ya makaa ya mawe yamewekwa tayari pembeni ikizidi. Mimi saa tisa nimeshapika wali na maharage, vimo kwenye hotipoti. Chai imo kwenye chupa. Televisheni nimezima, mashine ya kukaushia nguo nimeichomoa, hadi chaja za simu nimezichomoa moja moja kama mtu anayefunga duka. Joto la nyumba ni la gesi, kwa hiyo baridi haikuwa shida. Skrini ndogo iliyokuja na mita nimeisimamisha mezani: kilowati 0.15. Friji na ruta tu. Nikajiona hodari.

Saa kumi na moja na dakika ishirini skrini ikaruka hadi 9.1, taa nyekundu. Nikaitikisa, nikadhani imeharibika. Halafu nikasikia maji.

"Kijana, toka huko!"

"Mama, nimetoka mpirani, nimejaa matope!"

Shawa yetu ni ya kuchemsha maji kwa umeme palepale ukutani. Dakika nane zile zilikula yuniti 1.2. Kawaida yetu saa ile ilikuwa 1.6, na ukijumlisha friji na vitu vidogo tulitumia 1.4. Tulilipwa peni 40. Watu watano wamekaa gizani kwa peni 40.

Lakini hapo ndipo mita ilipojilipia, kwa maoni yangu. Miaka sita nilikuwa nagombana na watu kwa sababu ya taa na chaja, kumbe mwizi yuko bafuni. Kesho yake walituita tena, kuanzia saa kumi na nusu hadi kumi na mbili, watoto wakaoga saa kumi wakapanga foleni kama kisimani, tukapata pauni 3 na peni 20. Ile skrini ndiyo naisifu kuliko malipo: umeme inaonyesha upya kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo unawasha birika unaona, unazima unaona. Ya gesi inachelewa nusu saa, sihangaiki nayo.

Sasa malalamiko. Fundi wa kufunga mita tuliahidiwa mara mbili hakutokea, akaja ya tatu. Kipindi kimoja cha Februari usomaji haukufika kwenye kampuni, mita iko kabatini chini ya ngazi, mtandao unakuja na kuondoka. Kwao ikawa sikushiriki. Barua pepe nne, wiki tatu, hawakulipa.

Kubwa zaidi ni hicho kipimo cha "kawaida yako". Jirani yangu alikuwa anakausha nguo kila siku saa kumi na moja. Akiacha siku moja anavuna. Mimi nikishazoea kupika saa tisa, kawaida yangu inashuka, nikiitwa sina cha kupunguza. Kufika Machi nilikuwa napata peni 30, peni 25. Aliyeacha israfu moja kwa moja halipwi. Analipwa anayeiacha kwa kuitwa. Mume wangu akapendekeza tuwe tunapika saa kumi na moja siku za kawaida ili kipimo kipande. Nilimtazama tu.

Msimu ule nyumba na biashara milioni 1.6 zilishiriki kwenye vipindi 22, zikapunguza zaidi ya megawati-saa 3,300, kwa hiyo kwa gridi si mchezo wa watoto. Kwetu sisi malipo yameshuka tangu hapo. Msimu uliopita jumla yake haikununua hata mfuko wa kilo kumi wa mchele.

Mita yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Mpango wa kulipwa, mbili na nusu, na nusu hiyo ni ya Januari 2023. Kama una shawa ya umeme au gari la kuchaji, jiunge leo. Kama unaishi peke yako na birika, chukua skrini, malipo yasahau. Yangu iko juu ya friji, binti yangu kaizima sauti kwa sababu ilikuwa inalia kila nikikaanga maandazi.